Gari la kifahari Same: Kununua au kukodi?

Na Mwandishi Wetu, Same

MWEZI Desemba unapofika katikati, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hubadilika sura. Mabasi hujaa, na magari makubwa yenye vioo vyeusi hupita moja baada ya jingine. Mengine huendelea na safari hadi Uchagani, mengine hukata kona Makanya na kupanda Suji, na mengine hupita Same mjini yakielekea Mwembe, Mbaga na Mamba-Miamba.

Mtazamaji aliyeketi kwenye baraza ya duka pale stendi ya Same huweza kudhani kwamba kila anayeshuka kwenye gari hizo ndiye mwenye mali. Sivyo. Baadhi ya magari hayo yamekodiwa Dar es Salaam, Moshi au Arusha kwa siku kumi za sikukuu. Mengine yamenunuliwa kwa mkopo na kadi zake zimefungiwa benki. Mengine ni ya kampuni, na mengine ni ya Serikali au ya miradi, kama namba zake zinazoanza na STK, STL au DFP zinavyoonyesha.

Swali la kununua au kukodi gari la kifahari, ambalo zamani lilikuwa la watu wachache wa mijini, sasa limefika hadi kwa wafanyabiashara wa jasi wa Makanya, wakulima wakubwa wa tangawizi wa Mamba-Miamba, na watoto wa Upare walioko Dar es Salaam ambao wanataka kurudi nyumbani kwa heshima. Jibu lake halifanani na lile linalotolewa katika vitabu vya Ulaya na Marekani, kwa sababu kodi, barabara na masoko ya huku ni tofauti kabisa.

Shangingi na historia yake

Watanzania hulifahamu gari kubwa la kifahari kwa jina la shangingi, neno ambalo pia hutumika kwa mwanamke wa mjini mwenye mikogo. Kabla ya hapo palikuwa na Wabenzi, jina la kejeli lililoenea Afrika Mashariki baada ya uhuru kuwataja wakubwa waliopanda Mercedes-Benz. Leo shangingi linalotajwa zaidi ni Toyota Land Cruiser, hasa ile iitwayo V8. Toleo la mfululizo wa 200 lilitoka mwaka 2007, na lile la 300 lililolifuata mwaka 2021 halina tena injini ya silinda nane bali sita. Hata hivyo, mitaani bado linaitwa V8, na hakuna dalili kwamba litabadilishiwa jina.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, suala la kununua gari la kifahari halikuwapo kwa mtu wa kawaida. Fedha za kigeni zilikuwa haba, kuagiza gari kulihitaji kibali, na mafuta yalipoadimika Serikali ilipiga marufuku kuendesha magari ya binafsi Jumapili mchana. Mlango ulifunguliwa na bajeti ya mwaka 1984, ambayo iliruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo ni Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi katika milima hiyohiyo ya Upare, ambaye alipata kuwa Waziri Mkuu mara mbili na kufariki dunia Mei 2025. Magari mengi madogo ya mizigo yaliyoingia nchini katikati ya miaka ya 1980 yaliingia kupitia mlango huo.

Baadaye Serikali yenyewe ikawa mnunuzi mkubwa wa mashangingi, na gharama zake zikawa hoja ya kisiasa. Mizengo Pinda, akiwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alilalamikia hadharani matumizi ya magari hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bei ya gari moja la namna hiyo ingetosha kufanya mambo mengine mengi. Hoja hiyohiyo inamhusu pia mtu binafsi anayetaka kulinunua kwa fedha yake.

Bei ya bandarini si bei ya gari

Mnunuzi wa Same ambaye anaagiza gari kutoka Japan hukutana kwanza na kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari ikijumuisha bima na usafiri hadi bandarini. Juu yake hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ni asilimia 10. Kisha hufuata kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya jumla ya vyote vilivyotangulia.

Tuchukue mfano wa gari lenye thamani ya Sh milioni 60 linapofika bandarini. Ushuru wa forodha ni Sh milioni 15, na jumla inakuwa Sh milioni 75. Ushuru wa bidhaa ni Sh milioni 7.5, na jumla inafika Sh milioni 82.5. VAT ni Sh milioni 14.85. Gari la Sh milioni 60 limekuwa gari la Sh milioni 97.35 kabla ya tozo ndogondogo za forodha na reli, gharama za wakala, usajili na namba.

Hapo ni kwa gari ambalo halijazeeka. Gari la kutembelea lenye umri wa miaka minane hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na linalozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Kwa mfano wetu, nyongeza hiyo ya asilimia 30 pamoja na VAT yake hufikia zaidi ya Sh milioni 26. Aidha, Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na mnunuzi asishangae makadirio yakizidi bei aliyomlipa muuzaji wa Yokohama. Mfumo huo uko wazi kwenye mtandao, na ni busara kuupitia kabla ya kutuma hata senti moja.

Jambo moja limepungua. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa. Maana yake ni kwamba shangingi linalonywa mafuta mengi hulipa kodi kila linapoingia kituo cha mafuta, na lile linaloegeshwa nyumbani halilipi.

Kodi hizi zote zina athari moja kubwa katika suala letu. Hulipwa mara moja, mwanzoni, na mnunuzi wa kwanza ndiye anayezibeba. Anayekodi huzilipa pia, lakini kidogokidogo na kwa siku anazotumia tu, zikiwa zimefichwa ndani ya bei ya kukodi.

Kukodi kwa aina tatu

Neno kukodi hubeba mambo matatu tofauti, na wengi huumia kwa kuyachanganya.

Aina ya kwanza ni kukodi kwa siku, kama gari la harusi au la kwenda nalo nyumbani Desemba. Mtu hulipa, hutumia, hurudisha. Hakuna umiliki wala madai ya umiliki.

Aina ya pili inafahamika kwa kila kijana wa bodaboda: gari au pikipiki ya mkataba. Mwenye mali hukabidhi chombo, dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana chombo huwa cha dereva. Kadi hubaki kwa mwenye mali hadi siku ya mwisho. Wataalamu wa fedha wakizungumza kwa maneno makubwa kuhusu kukodi kunakoishia kumiliki, wanazungumzia jambo hilohilo ambalo vijana wa stendi ya Same wamekuwa wakilifanya bila mwanasheria.

Aina ya tatu ndiyo iitwayo karadha. Mteja huchagua gari na muuzaji, kampuni ya fedha hulinunua kwa jina lake, kisha humkodisha mteja kwa miaka kadhaa. Tanzania ilitunga Sheria ya Karadha mwaka 2008 ili kuweka wazi haki za kila upande. Kanuni yake kuu ni kwamba mkodishaji ndiye mwenye mali mpaka mwisho, lakini hatari na matunzo ni ya mteja. Gari likigonga mti Mbaga, malipo ya mwezi unaofuata yanaendelea kudaiwa.

Nchini, utaratibu huu umekua zaidi kwenye malori, matrekta na mitambo kuliko kwenye magari ya kifahari. Kampuni ya EFTA, iliyoanzia Moshi, imejulikana kwa kuwapatia wakulima na wajasiriamali matrekta na mashine kwa njia hiyo bila kudai hati ya nyumba, kwa kuwa dhamana ni mashine yenyewe. Kwa wanaoepuka riba, benki za Kiislamu nazo zina ijara, ambamo benki hununua mali na kuipangisha kwa kodi iliyokubaliwa. Amana Bank, iliyofungua milango mwaka 2011, ilikuwa ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi hiyo.

Kwa nini hesabu ya Marekani haifiki Same

Nchini Marekani, kati ya moja ya tano na moja ya tatu ya magari mapya ya binafsi yamekuwa yakichukuliwa kwa kukodi kwa miaka miwili au mitatu, na kwa magari ya kifahari kiwango huwa juu zaidi. Sababu ni kwamba kampuni inaweza kukadiria gari litauzwa kwa kiasi gani baada ya miaka mitatu. Mteja hulipa tofauti tu kati ya bei ya leo na bei ya siku ile, pamoja na riba. Gari la kifahari lisiloshuka thamani haraka huweza kukodiwa kwa malipo madogo kuliko gari la bei nafuu linaloshuka haraka.

Mkataba wa namna hiyo huweka ukomo wa safari, kwa kawaida kati ya kilometa 16,000 na 24,000 kwa mwaka. Tuseme mtu anafanya kazi Dar es Salaam na anakwenda Same mara moja kila mwezi. Kwenda na kurudi ni takriban kilometa 900, yaani karibu kilometa 11,000 kwa mwaka kabla hajaenda kazini hata siku moja. Kilometa zinazozidi hulipiwa, na michubuko na tairi zilizoisha hulipiwa pia.

Tanzania mambo huwa tofauti kwa sababu magari mengi huingia yakiwa yameshatumika, na bei ya kuuzia tena hutegemea dalali, namba na ushawishi wa muuzaji. Katika soko la huku, herufi ya kwanza baada ya tarakimu za namba huzungumza kuliko kitabu cha matengenezo: namba C, namba D na namba E hutofautiana bei kwa sababu huonyesha gari limekuwa nchini kwa muda gani. Kampuni ya fedha isiyoweza kujua gari litauzwa bei gani baadaye hujilinda kwa kudai malipo makubwa mwanzoni na kumaliza deni lote ndani ya muda wa mkataba. Hapo faida kuu ya kukodi kwa mtindo wa Marekani, yaani malipo madogo ya mwezi, hupotea.

Hesabu ya siku 75

Kwa hiyo swali la msingi kwa mtu wa Same ni idadi ya siku ambazo gari hilo litafanya kazi kwa mwaka. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila mtu anaweza kubadili tarakimu kulingana na hali yake.

Tuseme gari letu la Sh milioni 97.35 linauzwa baada ya miaka mitano kwa Sh milioni 55. Thamani iliyopotea ni Sh milioni 42.35, karibu Sh milioni 8.5 kwa mwaka. Bima kubwa huzunguka asilimia 3.5 ya thamani ya gari na juu yake kuna VAT, hivyo mwaka wa kwanza ni takriban Sh milioni 4. Matengenezo na tairi tuyaweke Sh milioni 4. Kisha kuna gharama ambayo wanunuzi wengi huisahau: fedha zenyewe. Sh milioni 97 zilizolazwa kwenye gari zingeweza kuwekwa kwenye hatifungani za Serikali au kwenye duka. Tukizipa faida ya asilimia 10 tu, zimekosa Sh milioni 9.7.

Jumla ni zaidi ya Sh milioni 26 kwa mwaka wa kwanza, bila mafuta. Kama gari la aina hiyo linakodiwa kwa Sh 350,000 kwa siku, fedha hiyo inatosha kukodi kwa siku 75. Mtu anayelihitaji shangingi kwa wiki mbili za Desemba, Pasaka, harusi mbili na misiba mitatu hafiki siku 40. Kwa mtu huyo kukodi ni nafuu, na hesabu haiko karibu.

Anayekopa ana hesabu nzito zaidi. Wastani wa riba za mikopo ya benki katika miaka ya 2020 umekuwa ukizunguka asilimia 15 na 16. Akitoa mwenyewe Sh milioni 29.35 na kukopa Sh milioni 68 kwa asilimia 16 kwa miaka minne, atalipa takriban Sh milioni 1.93 kila mwezi. Mwisho wa safari atakuwa amelipa riba ya Sh milioni 24.5, na gari litakuwa limemgharimu karibu Sh milioni 122 huku thamani yake sokoni ikiwa imeshuka.

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Benki isiporidhika na gari peke yake hudai dhamana nyingine, na katika wilaya kama Same dhamana hiyo ni nyumba, kiwanja cha mjini au shamba lenye hatimiliki ya kimila. Shamba la Upare mara nyingi si la mtu mmoja. Limetoka kwa babu, lina makaburi, na ndugu walioko mbali wanalitazama kama nyumbani. Nyumba ya wanandoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, lakini ulinzi huo hauwafikii shangazi na kaka. Kuweka ardhi isiyozeeka kuwa dhamana ya gari linalozeeka kila siku ni biashara mbaya, hata kama malipo ya mwezi yanaonekana kuwezekana.

Malipo ya mwezi nayo yana tatizo lake. Mkulima wa tangawizi hapati mshahara tarehe 28. Hupata fedha mavuno yanapouzwa, na bei ya tangawizi imezoea kupanda na kuporomoka. Mwenye kipato cha msimu anayesaini mkataba wa kulipa kila mwezi anajitafutia miezi ya dhiki. Kama hana budi, ajadiliane kuhusu ratiba ya malipo kabla ya kusaini.

Mlima hauangalii bei ya gari

Mji wa Same uko kwenye mita zipatazo 860 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, juu ya Chome, kiko mita 2,462. Kati ya hapo kuna kona kali, mawe, makorongo na udongo mwekundu ambao mvua za vuli na masika huugeuza utelezi. Barabara ya Same kwenda Mkomazi kupitia Kisiwani imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, lakini njia nyingi za kupanda milimani bado zinahitaji gari lililoinuka na dereva anayezijua.

Benzi iliyo chini chini hupendeza Same mjini na hukwaruza tumbo kabla haijafika mbali. Magari ya kifahari yanayotumia mifuko ya hewa badala ya springi hupata shida zaidi, kwani ubovu wake haufanyiwi kazi chini ya mwembe. Kuliburuta gari hadi Moshi ni kilometa zipatazo 100, na kama vipuri haviko huko safari huendelea Arusha au Dar es Salaam. Land Cruiser imependwa Upare kwa sababu fundi wa gereji ya kawaida anaijua na spea zake zinapatikana, na sifa hiyo ndiyo pia hufanya bei yake isishuke haraka. Anayeamua kununua gari la kifahari kwa matumizi ya milimani atapata hasara ndogo kwenye gari ambalo wengine wengi wanalitaka kuliko kwenye lile ambalo ni yeye peke yake analo.

Anayekodi asome vizuri mkataba kuhusu mahali gari linaporuhusiwa kufika. Mikataba mingi hukataza barabara mbaya au huondoa bima gari likiwa nje ya lami. Mtu aliyelipa kwa ajili ya kupanda Vudee huweza kugundua, baada ya kupasua sampu, kwamba aliruhusiwa kuishia Same.

Kampuni na kodi ya mapato

Wafanyabiashara wengi huamini kuwa gari likinunuliwa kwa jina la kampuni, gharama yake yote itapunguza kodi. Hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu uchakavu wa magari madogo kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, lakini imeweka ukomo wa gharama inayotambuliwa kwa gari lisilo la biashara. Sehemu ya bei ya shangingi inayozidi ukomo huo haitambuliwi. VAT iliyolipwa kwenye gari la abiria nayo kwa kawaida hairejeshwi, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya kuuza, kukodisha au kusafirisha kwa magari hayo.

Kwa maneno mengine, kampuni ya kukodisha magari inaweza kurejeshewa VAT ambayo mwenye duka la vifaa vya ujenzi hawezi kurejeshewa kwa gari lilelile. Hii ni sababu mojawapo inayofanya karadha au kukodi kuwe na maana kwa kampuni kuliko kwa mtu binafsi, na kwa gari linaloleta fedha, kama yale yanayopeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kupitia lango la Zange, kuliko kwa gari la kutembelea.

Wapo wanaonunua shangingi kwa matumaini ya kulikodisha kwenye harusi ili lijilipe. Inawezekana, lakini gari la kukodisha linahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na bima ya biashara. Lenye bima ya gari binafsi likipata ajali likiwa limekodishwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Zaidi ya hapo, harusi za Same hujazana Desemba, wakati ambao mwenye gari naye anataka kulitumia.

Maswali ya Mpare

Wapare hutaniwa na majirani zao kwa kuhesabu senti na kutoogopa kesi. Utani huo una historia nyuma yake. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilitozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na mgogoro huo ulichukua zaidi ya mwaka. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameuandikia kitabu. Kiini cha malalamiko kilikuwa namna makadirio yalivyofanywa.

Swali hilohilo linafaa kuulizwa mbele ya ofisa wa kampuni ya fedha. Malipo haya yamekokotolewaje? Bei ya gari mliyotumia ni ipi, na riba ni kiasi gani kwa mwaka, si kwa mwezi? Nikimaliza kulipa, ninaongeza kiasi gani ili gari liwe langu, na je, kiasi hicho kimeandikwa? Nikitaka kurudisha gari baada ya mwaka mmoja, nitadaiwa nini? Gari likiibwa au kuungua, bima italipwa kwa nani, na kama haitoshi kumaliza deni, salio ni la nani? Ofisa anayesitasita katika swali la mwisho ameshajibu.

Kwa anayenunua gari ambalo liko nchini tayari, kazi ya kwanza ni kadi. Benki au kampuni inayodai huwa na kadi halisi, na mara nyingi jina lake huwa limeingizwa ndani yake. Muuzaji mwenye nakala tu aulizwe halisi iko wapi. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi kwa macho, gari likiwa mbele. Faini za usalama barabarani zikaguliwe katika mfumo wa kielektroniki wa Jeshi la Polisi, kwa kuwa hufuata gari na si dereva. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki ufanywe TRA, ambako kuna ada na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Vivyo hivyo kwa aliyemaliza mkataba wa karadha: barua ya kumaliza deni na kadi vichukuliwe siku ileile, kwa sababu mpaka jina libadilishwe TRA gari bado linasomeka kuwa la kampuni.

Na kwa atakayeamua kukodi kwa ajili ya sikukuu, magari yanayofaa milimani huwa yameshachukuliwa ifikapo katikati ya Novemba. Akague tairi ya akiba na jeki kabla ya kuondoka, apige picha za gari pande zote mbele ya mwenye nalo, na ahakikishe jina la Mbaga, Suji au popote anapokwenda limeandikwa kwenye mkataba.